Nimemaliza kemo, nywele zinaota ila kujiamini hakurudi. Shule zinafunguliwa mwezi wa saba, naombeni ushauri

MwlJografia

Habari zenu wapendwa, naandika kama inavyokuja maana nimeandika nikafuta vya kutosha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moro, nina miaka 36, mume na watoto wawili. Mwaka jana nilikutwa na saratani ya titi, nikatibiwa Dar pale Ocean Road, kemo nimemaliza mwezi wa pili na mionzi nimemaliza juzijuzi tu. Madaktari wanasema naendelea vizuri, kidonge nameza kila siku, Mungu ni mwema.

Sasa shida yangu ni hii. Nilikuwa na nywele jamani. Nikisuka twende kilioni zinashuka mpaka mgongoni bila rasta hata moja, shule nzima wananijua kwa nywele. Wiki mbili tatu hivi baada ya dripu ya kwanza, ile nyekundu, nikawa naamka mto umejaa, nikipitisha kitana zinakuja zenyewe wala siumii, wifi yangu akaja akaninyoa kwa mashine na tukacheka siku ile kwa kweli nilijiona jasiri. Nyusi na kope ndo zilinimaliza maana zilitoka baadae wakati nimeshajipa moyo kwamba nimeshapoteza cha kupoteza.

Saivi zimeota kidogo. Ni laini kama za mtoto mchanga, zinalala, na pembeni zina mvi ambazo sikuwa nazo. Watu wa nyumbani wananiambia umependeza. Mimi nikipita kwenye kioo cha duka nashtuka, nauliza moyoni huyu nani. Nimenunua wigi, nikapanda bodaboda, kuvua helmeti ikatoka nayo mbele ya watu pale stendi. Tangu hapo siivai na sitoki. Ndani nashinda na kilemba, mpaka kulala nalala nacho, mume wangu hajawahi kulalamika lakini nimeona ameacha kunigusa kichwa na mimi sijui niseme nini.

Halafu kuna ofisi ya walimu. Nilivyokonda na kipara kuna waliosema nimeungua, wanamaanisha ukimwi, na kuna mmoja alisema nimelogwa. Sasa narudi kukaa nao meza moja. Na wanafunzi je? Form two hawana aibu wale.

Tafadhali msiniambie nishukuru niko hai. Nashukuru kila siku. Ila hiyo hainisaidii nikiwa nimesimama mlangoni nashindwa kwenda kununua nyanya.

---

mtumishi_wa_bwana

Dada pole. Nywele si kitu, mwamini Mungu tu, wenzako wangapi wako kaburini leo. Shukuru.

---

FundiCherehani_Mwz

@mtumishi_wa_bwana kasoma mpaka mwisho kweli? Kasema msimwambie hivyo, umekuja umemwambia hivyohivyo.

Mwalimu hongera kwa kumaliza. Mie nilitibiwa Bugando, ni miaka kadhaa sasa, nywele zangu zilirudi zote na leo nasuka kama kawaida, ila nikuambie ukweli ambao sikuambiwa: nywele zilirudi kabla yangu. Nilikuwa nazo kichwani na bado natembea nimeinama. Kwaiyo usikae ndani unasubiri zifike mabegani ndo utoke, unaweza kusubiri mwaka mzima na zikifika ukute bado unaogopa mlango.

Nilichofanya mimi nilianza kutoka kwa watu wasionijua. Nilipanda daladala nikaenda soko la mbali ambalo hakuna hata mmoja aliyewahi kuniona na nywele, nikavua kilemba nikanunua dagaa. Yule mama wa dagaa aliniangalia mara moja akaanza kuniongezea bei kama anavyomuongezea mtu mwingine yeyote, aisee nilifurahi kugombania bei siku ile. Kwa wasiokujua wewe ni mwanamke aliyenyoa, basi, mjini wamejaa waliokata low kwa kupenda. Ugumu uko kwa wanaokujua, hao ni kazi nyingine, waje baadae.

Na sijui kama na wewe walitoa titi, hujasema na sikulazimishi. Mie walitoa la kushoto na nilikuwa nalaumu kipara kwa kila kitu kumbe nusu ya kuinama kwangu kulitoka kifuani. Nikajishonea kifuko cha pamba, nikatia na mchele ndani kiwe na uzito maana kikiwa chepesi sidiria inapanda juu. Nimeshawashonea na wengine wodini. Siku niliyovaa gauni likakaa sawa pande zote mbili ndo nilinyoosha mgongo.

---

dr_asili_tiba

Nywele kurudi ndani ya siku 14 GARANTII. Juisi ya kitunguu maji, tangawizi na mafuta yangu maalumu, paka asubuhi na jioni. Njoo inboksi.

---

NesiWaZamu

Nimefanya wodi ya saratani muda mrefu, naomba nianze na huyo wa inboksi. Mwalimu usipake kitunguu wala tangawizi, ngozi ya kichwa baada ya kemo ni nyepesi na inaungua haraka, nimeona mgonjwa amekuja na malengelenge kichwani kwa sababu ya vitu hivi. Na nywele zako tayari zinaota bila dawa ya mtu, asije akajipa sifa.

Sasa kilichotokea mwilini ni hivi. Kemo inapiga seli zinazogawanyika harakaharaka, saratani ni mojawapo lakini mizizi ya nywele nayo inagawanyika haraka, na ngozi laini ya ndani ya mdomo pia, ndo mana wengi wanapata vidonda vya mdomo kipindi hichohicho nywele zinatoka. Mizizi yenyewe kwa kawaida haifi, imesimamishwa kazi. Dawa ikiisha inaanza tena taratibu, nywele hukua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwaiyo kwa mtu aliyemaliza mwezi wa pili ulipo ndo unapotakiwa kuwa. Kurudi na mvi, au laini, au zimejikunja tofauti na zamani ni kawaida kabisa na kwa wengi hilo hubadilika baada ya muda. Nyusi na kope zinaweza kuota zikadondoka tena kidogo, usipige kelele ikitokea, ni kwa sababu zilianza kuota zote kwa pamoja kwaiyo na kupukutika zinapukutika pamoja.

Dawa ya kulainisha nywele na rangi subiri, sisi huwa tunawaambia angalau miezi 6 tangu kemo iishe, na uanze kwa kujaribu sehemu ndogo. Rasta nzito na wigi ya kubana na gundi pia acha, vinyweleo vipya vinang'oka. Ukiwa juani paka losheni ya kuzuia jua au vaa kofia. Na kwa wanaosoma hapa ambao bado wako kwenye dripu: kunyoa tumieni mashine sio wembe, maana kinga ikiwa chini hata mkwaruzo mdogo ni mlango wa maambukizi.

Hicho kidonge chako kama ni tamoksifeni, ile ya kuzuia saratani ya titi isirudi, kinaweza kufanya nywele ziwe nyepesi kidogo kwa baadhi ya watu. USIKIACHE kwa ajili hiyo, mwambie daktari. Na ukiona miezi 6 imepita kuna sehemu bado ni wazi kabisa, sema pia, wanaweza kupima damu na tezi ya shingo.

Jambo lingine, umesema hutoki. Kama hali hii inaenda wiki mbili na zaidi, hulali, huli, hupendi hata ulivyokuwa unapenda, nenda kliniki kaseme wazi kama unavyosema homa. Inatibika na hakuna anayekushangaa.

---

Juma_wa_Kijiweni

Wanaume tupo humu pia jamani japo tunasoma kimya kimya. Mimi nilikuwa na limfoma, saratani ya tezi. Kipara kwangu hakikuwa habari, nilishaanza kunyoa nikiwa na miaka 30, kilichoniua ni ndevu na nyusi. Mwanaume asiye na nyusi watu wanamuangalia mara mbili bila kujua wanatafuta nini usoni mwake. Kijiweni waliniita kipara ngoto na mimi nikawa nacheka nao halafu nikifika nyumbani sisemi na mtu. Miezi mingi nilijifanya sina shida.

Kilichonisaidia ni rafiki mmoja aliyeniuliza kavukavu "unaogopa kufa au unaogopa kutazamwa?" nikamjibu saivi naogopa kutazamwa, tukacheka. Baada ya hapo yeye ndo akawa anawakata midomo wenzake. Mwalimu tafuta mtu mmoja tu wa aina hiyo hapo shuleni kabla ya kufungua. Mmoja anatosha, msimulie yote, yeye atafanya kazi ya kuwajibu wengine usipokuwepo, maana maneno yanasemwa usipokuwepo.

---

BintiMvita

Salamu kutoka Mombasa. Mimi nasemea mamangu ambaye alipata hiyo hiyo ya titi.

Watu hudhani sisi wa buibui na ushungi hatuna shida hii kwa sababu kichwa kimefunikwa. Nje ni kweli, mama alikuwa akienda sokoni na hospitali hakuna aliyejua lolote. Lakini nikwambie mwalimu, taabu yetu iko ndani. Kwenye harusi siku ya kupamba tukishaingia wanawake watupu kila mtu avua buibui, nywele zimesukwa, zimetiwa asumini, huyu amtazama yule. Mama alikosa harusi ya mtoto wa dadake mwenyewe, akasema kichwa chamuuma. Na kweli hakikuwa kikimuuma.

Harusi iliyofuata, khalati wangu mkubwa, yule ambaye haogopi mtu, alikuja nyumbani mapema na leso mbili za sare akamfunga mama kilemba kikubwa, akamtia na kikuba, na yeye mwenyewe akajifunga vivyo hivyo ingawa nywele zake ni nzima. Wakaingia ukumbini pamoja. Watu wakadhani ni mtindo. Kuna kina mama watatu walimuuliza kilemba kimefungwa vipi! Mama alicheza chakacha mpaka tukamwambia kaa, mkono utafura.

Na kuhusu bwana wako kutokugusa kichwa. Babangu naye alifanya hivyo na mama akajua amemchukia. Mwisho alimuuliza, na mzee akasema "nilidhani kinauma". Kumbe huo mwaka wote alikuwa ahofia kumuumiza. Muulize tu.

---

SaluniYaMamaDee

Mwalimu mimi nina saluni hapahapa Moro, Kihonda, na wateja wa aina yako nimewahudumia, kwaiyo ngoja nikupe vitu vya mkononi maana maneno ya moyo wenzangu wameshasema.

Wigi. Iliyokutoka kwenye helmeti nadhani ulivaa kichwa kitupu bila kofia ya ndani, au ulivaa ile kofia ya naironi ambayo kwenye kichwa kisicho na nywele inateleza tu. Vaa ya pamba, ile nene kidogo, inashika na inanyonya jasho. Wigi iwe fupi, ile ndefu ya mpaka kiunoni ina uzito na kwa joto hili ni adhabu. Na hizi za plastiki usiinamie jiko la mkaa wala kufunua sufuria linalotoa mvuke, mbele kote kunajikunja na hakunyooki tena. Gundi hapana, nesi ameshasema. Bodaboda vaa kilemba, wigi weka kwenye begi.

Kilemba. Satini ni nzuri kulalia ila kutembea nayo inateleza, tumia pamba, kitenge kilichofuliwa mara nyingi au kanga kuukuu. Kabla ya kitenge zungusha kwanza kitambaa kidogo cha fulana kwenye paji la uso, hicho ndicho kinachozuia kurudi nyuma na kinakupa ujazo kichwa kisionekane kidogo. Fundo liwe pembeni au juu, sio nyuma, ukiegemea kiti linakusumbua.

Nyusi. Hapa ndo wengi wanaharibu kwa kuchora upinde mmoja mweusi tii. Chukua penseli ya wanja rangi ya kahawia iliyoiva, nyeusi iache. Simamisha penseli pembeni ya pua kwenda juu, hapo ndo nyusi inaanzia, halafu ilaze kutoka pembeni ya pua kupita kona ya nje ya jicho, hapo inaishia. Katikati usichore mstari, chora vimistari vifupivifupi kuelekea juu kama vinyweleo, kisha pitisha mswaki mkavu wa zamani kulainisha. Poda juu yake ili jasho lisiishushe. Ukishajua kufanya hivi dakika tano umemaliza. Na uso ukishakuwa na nyusi, kichwa kifupi kinakuwa mtindo, kabla ya hapo kinakuwa ugonjwa, samahani kusema hivyo lakini ndivyo macho ya watu yalivyo.

Na hizo nywele zako fupi, usiziache zijiotee tu pembeni zikizidi juu. Njoo tuzipe umbo, tunapunguza shingoni na masikioni kwa mashine, juu tunaacha. Mvi usifiche, kwa sasa huwezi kupaka rangi hata ukitaka.

---

MwlJografia

Jamani nimesoma yote nikiwa jikoni mpaka wali umeungua.

@BintiMvita nimemuuliza jana usiku. Sitaandika alichosema ila sio nilichokuwa nawaza. Nililala bila kilemba.

@FundiCherehani_Mwz ndiyo, la kulia, na sikuandika makusudi. Hicho kifuko nakihitaji, naomba unieleze ulivyokata kitambaa.

@NesiWaZamu kuna mtu kaniambia zipo kofia za baridi kali zinazozuia nywele zisitoke, bado naweza kutumia ili hizi zisidondoke?

Na bado wanafunzi sijajibiwa. Mjue wasichana wetu wote wananyoa, ni sheria ya shule, na mimi ndo nilikuwa nasimamia usafi wa vichwa vyao nikiwa na manywele yangu mgongoni haha. Watanikomesha.

---

NesiWaZamu

Hizo za kupoza kichwa zinavaliwa wakati dripu inaingia, kabla na baada yake kidogo, kazi yake ni kupunguza damu inayofika kwenye mizizi ili dawa ifike kidogo. Marekani waliziruhusu rasmi 2015 kwa wagonjwa wa saratani ya titi na hata huko sio kila mtu zinamsaidia. Wewe dawa imeshaisha, haina kazi kwako.

Ulivyolala bila kilemba nimefurahi.

---

Ticha_Mstaafu

Mwanangu mimi nimefundisha mpaka nikastaafu na niliwahi kurudi darasani baada ya kuugua sana, sio saratani lakini nilirudi mtu mwingine kwa sura.

Wanafunzi watauliza siku ya kwanza, kipindi cha kwanza, na atakayeuliza ni yule anayekaa nyuma. Usimsubiri. Ingia, salimia, waambie kabla hujaandika tarehe ubaoni: "Nilikuwa naumwa saratani, nimetibiwa, dawa ziliondoa nywele na sasa zinaota. Mwenye swali aulize sasa hivi, tukimaliza tunafungua daftari." Saratani itaje kwa jina, ukisema "naumwa tu" wataweka jina wanalolitaka wao. Watauliza maswali mawili matatu: inaambukiza? utakufa? iliuma? Jibu kwa ufupi, haiambukizi, na hilo la kufa jibu kwa namna unayoona inakufaa. Halafu kuna mmoja atakuambia mama yake au shangazi yake anaumwa hiyohiyo, huyo muite pembeni baada ya kipindi. Wiki ya pili wanakuwa wameshachoka na kichwa chako na wanataka kujua mtihani wa kati utakuwa lini.

Ofisini ni kugumu zaidi, watu wazima hawaulizi, wananong'ona. Mkuu wa shule muone kabla ya kufungua, sio kwa ajili ya huruma, omba kitu maalumu: vipindi vya asubuhi kama mchana unachoka, na usimamizi wa usafi wampe mtu mwingine muhula huu kama hutaki. Aliyesema una ukimwi usimfuate kujitetea. Na kwanza hata ungekuwa nao ingekuwa haimhusu, wenye virusi wanafundisha vizuri tu na wengine ndio waliokufundisha wewe. Kaa meza yako, chukua chai yako.

Ila usimamizi wa usafi mimi ningebaki nao. Hao wasichana wanaonyolewa kila wiki wakilia, wakuone na wewe umenyoa.

---

Juma_wa_Kijiweni

Ticha umemaliza. Hilo la kutaja jina la ugonjwa ningelijua mapema lingenipunguzia mengi.

---

FundiCherehani_Mwz

Mwalimu kifuko: chukua sidiria yako iliyokukaa vizuri, weka karatasi ndani ya upande ulio mzima, chora umbo lake, kata vipande viwili vya pamba laini ukiacha nafasi ya mshono. Kimoja kiwe na mkunjo mdogo chini ili kijae. Tia pamba kwanza, mchele katikati kwenye kifuko chake kidogo cha peke yake ambacho unaweza kukitoa siku ya kufua, usije ukaloweka mchele. Kwanza subiri ngozi ipone vizuri na mionzi, kama bado imeiva au inachubuka vaa cha pamba tupu. Nikipata picha naweka hapa.

---

MwlJografia

@SaluniYaMamaDee niko Moro mjini, Kihonda naijua. Jumamosi upo? Na kuna mahali pa kukaa ambapo sio mbele ya dirisha?

---

SaluniYaMamaDee

Jumamosi kuna maharusi, panajaa. Njoo Jumanne asubuhi, kuna chumba cha nyuma, ila ukifika ukiamua kukaa mbele kiti kipo. Njoo na hiyo penseli ya wanja unayotumia niione, na wigi pia, nitaipunguza bure.